Mgeni Niliyemwambia Asubiri

Nakuomba kitu kimoja: soma mpaka mwisho ndipo ucheke. Haya ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki yangu, wala si mtu wa kijiji fulani kisichojulikana. Yalinipata hapa Ukunda, jua likiwa utosini, nimekunywa chai ya maziwa na kula mahamri, sina homa wala usingizi. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila niliyemsimulia huniuliza kwanza kama nilikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Amplifaya ndiyo iliyokuwa mgonjwa.

Mimi ni fundi wa vyombo vya sauti. Kibanda changu kiko nyuma ya Kona ya Musa, kwenye safu ya vibanda vya mabati: kwanza unampita Bakari anayechomelea mageti, kisha kinu cha kusaga mahindi, kisha mimi. Hakuna chuo nilichosomea. Nilijifunza kwa kufungua redio za mama yangu na kuziharibu, halafu nikawa natazama video kwenye simu mpaka nijue nilichokiharibu. Mama alikuja huku kutoka Kitui kufua mashuka ya hoteli za Diani, nami nikazaliwa Bongwe. Kwa hiyo nina Kiswahili cha huku na kanisa la kule. Hilo la kanisa liweke akilini, maana bila hilo nisingekuwa kibandani saa ile.

Nina tabia ambayo sijivunii. Siwezi kukiacha kitu kikiwa kizuri tu. Nikilehemu waya nauvuta kuona kama umeshika, nauvuta tena, nikifika nyumbani nalala nikiufikiria, asubuhi naufungua nikaulehemu upya. Friji ya mama ikinguruma tofauti na jana, naamka kwenda kuisikiliza. Moyo hunienda mbio kwa sababu ya kelele ambazo wenzangu hata hawazisikii. Mama husema nina masikio ya mgonjwa. Huenda. Lakini ndiyo yanayonilisha, kwa sababu wanamuziki wa hotelini wakiwa na chombo kinachovuma na kila mtu ameshindwa, hunitafuta mimi.

Ndivyo alivyonipata Bi Mwanatumu. Alitoka Msambweni na tuktuk, amplifaya ameifunga kwa leso na kuipakata kama mtoto. Dereva alitaka kumsaidia kuishusha, akamkatalia.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akanitazama kuanzia kitambaa changu cha kufungia nywele mpaka ndala zangu. "Basi afadhali. Wanaume wameshaifungua, wote wakaniambia niiuze chuma chakavu."

Alipofungua leso nilisahau adabu, nikapiga magoti. Ilikuwa ya zamani kweli, ile ya valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa kama makaa. Sanduku lake la mbao lilikuwa limevishwa kitambaa kilichopauka, na mpini wake uliokatika ulikuwa umebadilishwa kwa mshipi wa suruali. Mtu aliyeishonea mshipi ule aliipenda. Unaweza kujua hivyo kwa mishono.

Bi Mwanatumu hakuketi mpaka nilipomwambia. Akaanza kusimulia kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye chombo.

Mumewe alikuwa mpiga gitaa wa bendi za hoteli kule Diani. Yeye humwita Babake Saumu, kwa jina la binti yao aliyeolewa Matuga. Mwaka juzi, mchana mmoja, alikuwa nyumbani akifanya mazoezi. Amplifaya ilikuwa imeanza kuvuma, na Bi Mwanatumu kichwa kilikuwa kinamuuma. Wakagombana. Yale magomvi ya kawaida ya watu waliozoeana, akasema, ya chombo chako na kichwa changu. Mumewe akaweka gitaa chini, akaenda mlangoni, akasema kama alivyosema kila siku ya maisha yao: "Nipe ruhusa, mama."

"Yeye alikuwa hivyo," Bi Mwanatumu akaniambia. "Hata dukani kununua kibiriti, hatoki mpaka mwenye duka amwambie ruhusa. Watu walimcheka. Siku hiyo mimi nilimsikia, nikampa mgongo."

Akatoka bila kujibiwa. Amplifaya akaiacha inawaka, ikivuma, kama mtu anayerudi sasa hivi. Hakurudi. Walimtafuta pwani, hospitalini, kwa jamaa zake wa Tanga. Mwili haukuonekana.

"Sasa ndugu zake wamekwenda kwa kadhi, amehesabiwa marehemu. Kilichobaki ni mimi kukaa eda. Nimekataa."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nikiiwasha hii, huvuma. Na ndani ya mvumo nasikia mtu akipiga hodi. Ni sauti yake."

Nikainua macho kutoka kwenye chombo. "Unamjibu?"

"Nani amjibuye asiyemwona?" akasema, na kwa watu wa huku hilo ni jibu kamili: sauti isiyo na mtu haijibiwi. "Nitazamie, mwanangu. Ikiwa ni ubovu, niambie ni ubovu, nitakwenda nikae eda yangu nimwombee dua kama wajane wenzangu. Ikiwa si ubovu, niambie pia. Siwezi kumkalia eda mtu aliye mlangoni."

Unaelewa uzito wa kazi niliyopewa? Mimi ambaye siwezi kuamua kama waya umeshika, nilitakiwa kuamua kama mume wa mtu amekufa.

Nikaanza kazi. Sitakuchosha, lakini nataka ujue kwamba niliifanya sawasawa, kwa sababu watu hupenda kusema, "Aah, itakuwa ulikosea mahali." Kwanza nilitoa umeme uliolala kwenye zile kapasita kubwa, maana chombo cha valvu huweza kukuua hata kikiwa kimechomolewa ukutani. Ndiyo maana kila nikikifungua, mkono mmoja naweka mfukoni. Nikabadilisha kapasita zote za kuchuja umeme. Mvumo ule mzito, wa kama lori lililosimama likiwa limewashwa, ukaondoka. Nikachomoa valvu moja baada ya nyingine, nikisikiliza kelele inakufa wapi. Nikazigonga taratibu kwa kijiti cha mishikaki, moja ikalia kama kengele, nikaitafutia nyingine. Soketi nikazisugua. Resista zilizokuwa zikichachatika kama mafuta ya bhajia nikazing'oa. Ardhini nyuma ya kibanda nikapigilia chuma kirefu, nikakimwagia maji ya chumvi, nikaunga waya wa ethi ili umeme mchafu ushuke chini.

Kila nilichofanya kilisaidia. Na kila kelele ilipopungua, niliisikia vizuri zaidi ile iliyobaki.

Ilikuwa ndogo. Msiii hivi, nyembamba, inayosikika gitaa likiwa limechomekwa. Fundi mwingine angesema ndiyo tabia ya vyombo vya zamani, angeita mwenyewe aje achukue. Tena kelele ya namna hiyo ina dawa inayojulikana: ukiweka mkono kwenye nyuzi za gitaa, hupungua. Mwili wa mtu huungana na nyuzi, nyuzi huungana na ethi, kelele inazama. Ukitoa mkono, inarudi. Kila mpiga gitaa anajua hivyo hata kama hajui sababu. Nilijaribu kwa mkono wangu mara nyingi. Inazama, inarudi. Kwa hiyo nilikuwa na jibu la kumpa Bi Mwanatumu, jibu la kisayansi kabisa. Sikumpa. Nilitaka kwanza inyamaze yote.

Bakari alikuwa ananitania kupitia ukuta wa mabati. "Dada fundi, hicho kisanduku umekioa?"

"Niache, Bakari."

"Nakuuliza tu. Maana naona unakitazama kuliko unavyowatazama watu. Siku kikikujibu, uniite niwe shahidi."

Sasa nikueleze kuhusu Ijumaa. Umeme wa safu yetu ni mchafu. Bakari akichomelea, spika zangu zinakwaruza, na kinu kikianza kusaga, taa zinapepesa. Kusikiliza kelele ndogo katika hali hiyo ni kama kutafuta sindano gizani. Lakini Ijumaa, adhana ya mchana ikishaadhiniwa, safu nzima hufungwa. Bakari anazima mashine, mwenye kinu anashusha mlango, mama wa chapati anafunika jiko. Wote wanaelekea msikitini au nyumbani. Anayebaki ni mimi wa kanisani. Kwa muda ule mfupi umeme unakuwa safi kama maji ya mvua. Kazi zangu zote ngumu za kusikiliza huzihifadhi hadi Ijumaa mchana. Ndiyo siri yangu ya kazi, na sijawahi kumwambia mtu kabla ya leo.

Ijumaa hiyo nilikuwa nimeinama juu ya amplifaya, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni. Nje hapakuwa na sauti isipokuwa mabati yakilia kwa joto.

"Hodi."

Mtu wa kibandani husikia hodi kila mara. Mdomo hujibu wenyewe. "Karibu," nikasema, kichwa bado nimekiinamisha.

"Hodi," akarudia, kama mtu anayetaka kuhakikisha.

"Karibu, mzee, karibu ndani."

"Ahsante. Nimekaribia."

Nilichoona kwanza ni miguu. Alikuwa pekupeku. Nikainua macho: mwanamume wa makamo, mwembamba, amevaa shati la maua, sare ya bendi za hoteli, limepigwa pasi mpaka mstari wa mkono umesimama. Uso wa upole. Nikamwamkia, nikamwambia aangalie chini, sakafu yangu imejaa vipande vya waya.

"Marahaba, mwanangu. Havitanidhuru. Viatu nimeviacha."

Nilidhani ameviacha mlangoni kwa heshima, nikaona aibu kwa sababu ya uchafu wa sakafu. Ndicho nilichofikiria, niamini. Nikajiuliza pia mbona hayuko msikitini, nikajijibu kwamba huenda ni mtu wa bara kama sisi. Akaketi kwenye benchi, upande wa ukutani, mikono juu ya magoti.

"Bado inavuma?" akauliza.

"Kidogo, mzee. Nimeondoa karibu yote. Hiki kilichobaki ndicho kinachoninyima usingizi."

"Kilichobaki ni kidogo mno."

"Kidogo ndicho kibaya."

Akacheka, kicheko cha puani, kizuri. "Wewe hutamaliza kazi maishani mwako."

"Hata mama yangu husema hivyo."

"Waweza kuniruhusu nilishike hilo gitaa?"

Nikampa. Ni gitaa langu la kujaribia, bovu bovu, lakini mikononi mwake lilionekana la maana. Akapiga kipande kifupi, cha mtindo wa zamani, kinachopanda kwa madaha kama mtu anayepanda ngazi akiwa na sinia kichwani. Kilipokaribia kufika juu, akaacha. Akaanza tena mwanzo, akaacha palepale. Nilikuwa nasubiri ile sauti ya mwisho kwa mwili mzima. Unajua mtu akianza kupiga chafya halafu isije?

Kisha nikagundua kitu, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Msiii ile haikuzama.

Alikuwa amekamata nyuzi kwa mikono yote miwili. Vidole vilikuwa juu ya chuma, nilikuwa naviona. Kelele ilipaswa kuzama. Kwa mkono wangu ilizama, kwa mkono wa Bakari ilizama, kwa mkono wa mtoto ingezama. Chini ya vidole vyake iliendelea vilevile, kama gitaa lililotundikwa ukutani ambalo hakuna aliyeligusa.

Mtu mwenye akili timamu angeogopa hapo. Je, mimi nilifikiri nini? Nilifikiri waya wa ethi umekatika. Nakuapia. Nilifurahi hata. Nikasema moyoni, kumbe ndio ubovu wenyewe, kuna mahali ambapo sikulehemu vizuri. Nikachukua tochi, nikalala kifudifudi sakafuni, kichwa kikiwa nyuma ya amplifaya, miguu yangu ikiwa imeziba mlango wote, nikaanza kuufuata ule waya kwa vidole.

Juu yangu nikamsikia akiliweka gitaa chini.

"Mwanangu," akasema. "Nimekaa mno. Nipe ruhusa."

"Subiri kidogo, mzee," nikamjibu, tochi ikiwa mdomoni. "Subiri nimalize hapa."

Halafu akasema, bila kinyongo, "Haya. Ukimaliza."

Waya ulikuwa mzima. Niliuvuta, ukashika. Nikauvuta tena. Nikainuka nikipangusa magoti, nimwambie sijaona kitu.

Benchi lilikuwa tupu. Kibanda changu kina mlango mmoja, na nilikuwa nimeulalia. Gitaa lilikuwa pale alipokaa. Gitaa lililotoka mikononi mwa mtu hubaki likinong'ona kidogo, nyuzi hazinyamazi papo hapo, na masikio yangu husikia hilo hata nikiwa mbali. Hili lilikuwa kimya. Nikanyoosha mkono, nikaweka kiganja kwenye nyuzi.

Msiii ikazama.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba waya haukuwa na kosa, na nikakumbuka aliyekuwa akiomba ruhusa kila anapotoka.

Bakari aliponikuta nilikuwa nimekaa nje kwenye jua kali, mgongo nimeuegemeza kwenye geti analotengeneza. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka msikitini, kofia bado kichwani.

"Kulikoni, dada fundi? Kimekujibu?"

"Bakari, umepishana na mzee wa shati la maua? Hana viatu."

"Wapi?"

"Katoka hapa sasa hivi."

"Njia hii tumekuja nayo sisi, hakuna tuliyepishana naye." Alikuwa anataka kuongeza mzaha, nikaona midomo inajiandaa. Kisha akanitazama usoni, akauacha. Aliingia kibandani kwangu peke yake, akachomoa plagi, akaufunga mlango, akanipa ufunguo. "Nenda kwa mamako," akasema. "Leo usifungue."

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema sisi watu wa kanisa hatuna mambo hayo. Halafu akainuka, akaizima friji. Hakuniambia kwa nini, na sikumuuliza.

Kwa siku kadhaa nilikuwa nashika simu nikitaka kumpigia Bi Mwanatumu nimwambie ni ubovu. Usingekuwa uongo mtupu. Ubovu ulikuwepo, nilikuwa nimeutia kwenye kopo: kapasita zilizovimba, resista zilizoungua, valvu iliyolia. Ningemwonyesha, angeamini, angekwenda kukaa eda yake. Lakini alikuwa ameniomba nimwambie na lile lingine. Nikampigia, nikamwambia nimemaliza kusikiliza, aje. Akasema, "Nitakuja Ijumaa." Mimi sikuwa nimemtajia Ijumaa.

Alifika kabla ya adhana. Nikamwonyesha kopo.

"Basi ni ubovu," akasema.

"Sehemu kubwa, mama. Nimeuondoa."

"Na sehemu ndogo?"

Nikamweleza. Nilipokuwa nasimulia hakulia wala hakunikatiza. Nilipofika kwenye lile shati la maua, akafumba macho. Nilipomaliza akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Alivaa viatu gani?"

"Hakuvaa. Aliniambia ameviacha."

Akavuta pumzi ndefu. "Viatu vyake ndivyo vilivyoonekana pwani, vimepangwa vizuri juu ya mwamba, kimoja kando ya kingine. Ninavyo uvunguni. Sikukwambia wewe. Sikumwambia mtu yeyote wa Ukunda." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Akaomba nini?"

"Aliomba ruhusa."

"Ukampa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilitamani sana kusema ndiyo. "Nilikuwa chini naangalia waya," nikamwambia. "Nilimwambia asubiri nimalize."

Bi Mwanatumu alinitazama, na nilichokiona machoni mwake hakikuwa hasira. Ni kama mtu anayemwona mwenzake akiingia kwenye shimo ambalo yeye mwenyewe alikuwa ndani yake. "Akasemaje?"

"Alisema haya. Nikimaliza."

"Basi atasubiri," akasema. "Huyo hakuwahi kumvunjia mtu neno."

Adhana ikaadhiniwa. Mashine ya Bakari ikazimwa, mlango wa kinu ukashuka. Yeye mwenyewe akaniambia, "Washa." Akaenda kuketi kwenye benchi, upande wa ukutani, palepale, ingawa sikuwa nimemwonyesha mahali.

Gitaa lilikuwa ukutani limetundikwa, waya wake umechomekwa. Nikawasha. Valvu zikachukua muda wake kupata moto, rangi ya chungwa ikapanda, kisha msiii ikaja. Tukaisikiliza. Sikusikia hodi ndani yake. Sijui yeye alisikia nini, lakini aliinua kichwa kama mtu anayetazama mlangoni.

"Babake Saumu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayezungumza na mwenzake aliye chumba cha pili. "Siku ile nilikusikia. Nilikusikia vizuri, si kwamba sikukusikia. Ruhusa. Nenda, mume wangu. Mwenyezi Mungu akupokee."

Kelele ikazama.

Ilizama vile inavyozama pale mkono wa mtu unapolala kwenye nyuzi. Nikatazama gitaa. Lilikuwa limening'inia, hakuna aliyelikaribia, na nyuzi zote zilikuwa zimetulia. Bi Mwanatumu alikuwa analia sasa, taratibu, bila kujificha, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Tukangoja iishe yote. Haikuisha. Ilikuwa imepungua nusu, ikasimama hapo.

"Mbona haijanyamaza?" akauliza.

"Sijui, mama."

Akaitegea sikio. Kisha akanigeukia, akaweka mkono wake begani kwangu. "Hiyo nusu si yangu, mwanangu," akasema. Alisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitia hofu kuliko yote yaliyotangulia.

Akainuka, akaikunja leso yake. Amplifaya hakuitazama tena. "Nipe ruhusa," akasema.

"Ruhusa, mama," nikamjibu kabla hajafunga mdomo.

Alikaa eda yake kwao Msambweni mpaka ikaisha. Nilikwenda kumwona baadaye na Saumu akiwepo, nikamkuta amenenepa kidogo, anacheka na wajukuu. Aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini, tukiwa mlangoni: "Bado?" Nikamwambia bado.

Bado. Amplifaya ninayo hapa, alikataa kuichukua. Nimeshaifumua yote na kuisuka upya. Hakuna waya wa zamani uliobaki ndani yake, hata transfoma nimebadilisha, hata spika. Nusu ile iko palepale. Nikiweka mkono kwenye nyuzi, haizami. Akiweka Bakari, haizami. Ijumaa mchana, safu ikishanyamaza, huwa naikalia mbele, namtazama pale kwenye benchi ambapo hakuna mtu, na kusema, "Ruhusa, mzee. Nenda zako. Nisamehe." Haibadiliki. Nimefikiria sana sababu yake. Mimi sikumnyima ruhusa, nilimwambia asubiri nimalize. Yeye ni mtu wa adabu, anangoja nimalize. Na kwangu mimi kumaliza ni kuinyamazisha ile nusu, na ile nusu ni yeye akingoja.

Siku hizi mtu akipiga hodi kibandani simjibu mpaka nimeona uso wake, na miguu yake. Wateja wameanza kusema nina kiburi. Waache waseme. Nami nakusihi wewe unayesoma, hasa kama ni mtu wa kazi za kuinamia: fundi, mshonaji, mwenye simu mkononi kutwa nzima. Usiseme karibu kwa mtu ambaye hujamtazama. Na mtu akisimama mbele yako akakuomba ruhusa, awe mgeni, awe mumeo, awe mtoto anayekwenda shule, weka chini ulichoshika. Mtazame. Mpe. Usimwambie subiri.

Leo ni Ijumaa. Nimewasikia wa msikitini wakipita, na kinu kimenyamaza. Nikishaweka kalamu chini nitaiwasha, kwa sababu kuna muungano mmoja wa waya karibu na soketi ya kwanza ambao usiku nimeukumbuka, na sina hakika kama niliuvuta mara ya pili.